Msimchome Mwanasesere Pamoja na Pembe

Wakenya tumejifunza kuchukia biashara ya pembe za ndovu, na tumejifunza vizuri. Mwaka 1989 Rais Moi alichoma tani 12 mbele ya kamera za dunia. Tarehe 30 Aprili 2016 tukarudia palepale, Mbuga ya Taifa ya Nairobi, safari hii tani 105. Wengi wetu tumekua na picha hizo. Mtu akituonyesha kitu cheupe kilichochongwa kutoka kwa jino la mnyama, uso unakunjamana kabla hajamaliza kueleza.

Na hilo sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu unaanza pale uso uleule unapomkunjia mwanasesere mdogo wa kushika mkononi, mwenye koti la manyoya na sura iliyochongwa kwa jino la walarasi, aliyeshonwa na mama fulani katika kijiji cha Alaska kisichofikika kwa barabara. Hapo tunakuwa tumeacha kumlinda ndovu na tumeanza kumpiga mtu asiyehusika.

Mwaka jana, kwenye grupu moja la WhatsApp la wapenda mazingira hapa jijini, mtu alirusha picha ya mwanasesere wa aina hiyo. Komenti zikamiminika kama maji ya mfereji uliopasuka. Wauaji. Watu wa zamani za mawe. Mmoja akaandika, "Pembe ni pembe, full stop." Wasee thelathini wakapiga dole. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ametengenezwa na nani, kwa mnyama gani, ili afanye nini. Hayo matatu ndiyo nataka tuyaulize, na tukishayajibu, naamini ile "full stop" itabidi ifutwe.

Tuanze na watu. Wayup'ik wanaishi kusini-magharibi mwa Alaska, hasa kwenye delta ambapo mito Yukon na Kuskokwim inamwaga maji yake katika Bahari ya Bering. Jina lao limeundwa kwa maneno ambayo msemaji wa Kiswahili anaweza kuyafurahia: *yuk* ni mtu, na *-pik* ni kiambishi cha "halisi". Mtu halisi. Watu wa Chevak, kwa lahaja yao, wanajiita Cup'ik. Shuleni tulifundishwa kuwaita wote Waeskimo na kuwachora kando ya nyumba za vipande vya barafu. Wayup'ik hawakuishi katika nyumba hizo. Walijenga nyumba za udongo juu ya fremu za magogo, na magogo yenyewe yaliletwa na mito, kwa sababu sehemu kubwa ya nchi yao karibu na bahari ni tundra, nyika ya nyasi na maji isiyo na miti.

Mahali ambapo mti ni mgeni anayekuja akielea, nguo inatoka wapi? Pamba haioti. Inatoka kwa mnyama. Koti linatoka kwa kindi wa ardhini, kwa karibuu (ndiyo, jina la huyo mnyama mkubwa wa baridi linasikika kama salamu yetu mlangoni), kwa ngozi za ndege wa majini. Kiatu kinatoka kwa sili. Koti la mvua linatoka kwa utumbo wa sili, na hapa naomba usome polepole kidogo. Utumbo unasafishwa, unapulizwa hewa kama puto refu, unaanikwa mpaka ukauke, kisha unapasuliwa kuwa utepe mpana na kushonwa utepe kwa utepe. Kinachotoka ni koti jepesi linalopitisha mwanga na lisilopitisha maji. Mwindaji alilivaa ndani ya kayaki, katikati ya bahari ambayo ukilowa ndani yake umekwisha. Uzi ulikuwa kano za mnyama, na kano zikilowa zinavimba na kuziba matundu ya sindano zenyewe.

Mshono mmoja ukiachia, mtu anakufa. Msichana angeujifunzia wapi ushonaji wa namna hiyo? Kwa mtu ambaye akikosewa hafi.

Ndiye huyo mwanasesere. Kwa Kiyup'ik anaitwa *irniaruaq*. *Irniaq* ni mtoto, na kiambishi cha mwisho kinamfanya awe wa kuigiza: mtoto wa mchezo. Kichwa kilichongwa kwa mti ulioletwa na mto, kwa mfupa, au kwa jino la walarasi, yule mnyama mnene wa bahari ya kaskazini mwenye masharubu na meno mawili marefu yanayoning'inia. Nguo zilitoka kwenye vipande vilivyobaki mama alipokata koti la baba: pembe ya ngozi ya sili hapa, kipande cha kindi pale, mfuko mdogo wa ngozi ya samaki samoni. Msichana akashona, akafumua, akashona tena. Kufikia siku aliyopewa ngozi kubwa, mkono ulikuwa umeshajua kazi.

Na mwanasesere huyo alikuwa na sheria zake. Sehemu nyingi alitolewa nje kuchezewa majira ya joto tu, ndege wahamao wakisharudi. Kumtoa nje wakati wa baridi kulisemwa kungeharibu majira na kuifanya baridi ikatae kuondoka. Mara nyingi mwanamume alichongwa mdomo unaopinda juu, mwanamke mdomo unaopinda chini, ukimtazama mara moja unajua. Msichana akivunja ungo, aliwaacha wanasesere wake na kuwapa wadogo, maana sasa utoto wa kuigiza umekwisha. Sisi tuliofunga kitambaa kwenye gunzi la mahindi na kumbeba mgongoni tunaelewa nusu ya habari hii bila kutafsiriwa.

Usifikiri pia kwamba ni mambo ya kuabudiwa kwa sauti ya chini. Chevak inajulikana kwa wanasesere wa kuchekesha, na fundi wake maarufu ni Rosalie Paniyak, ambaye kazi zake ziko katika makusanyo ya makumbusho. Wanasesere wa kwake hawakusimama kama picha ya kitambulisho. Wana sura za vituko, za watu unaowajua kijijini kwako. Huo ni ucheshi wa watu walio hai wanaojicheka wenyewe. Mtu anayewaona na kusema "zamani za mawe" anakosa hata kuucheka utani aliowekewa mezani.

Sasa twende kwa sheria, kwa sababu watu wa "pembe ni pembe" wanapenda kusema sheria iko upande wao.

Marekani ilipitisha Sheria ya Kulinda Mamalia wa Baharini mwaka 1972. Ni kali. Inakataza kwa jumla kuua au kuwasumbua sili, walarasi, nyangumi na wenzao. Lakini waliotunga sheria hiyo walifanya kitu ambacho grupu letu la WhatsApp lilishindwa kufanya: walitofautisha. Wenyeji asilia wa Alaska wanaoishi pwani wanaruhusiwa kuwinda kwa chakula, na pia kwa ajili ya kutengeneza na kuuza kazi halisi za mikono na nguo, mradi hawapotezi mnyama bure. Na kazi hiyo lazima iwe ya mkono kweli. Sheria inakataza hata mashine za kunakilisha michoro kwa wingi. Yaani mwanasesere halali ni yule tu aliyetoka kwa mkono wa mtu. Jino bichi, lisilofanyiwa kazi, haliuzwi kwa mtalii.

Sasa linganisha na jangili wa Tsavo. Mmoja anamuua ndovu mzima, anachukua meno mawili na kuacha tani za nyama zioze juani, kisha pembe zinapita mikono sita hadi kwa tajiri asiyejua Voi iko wapi. Mwingine amemvua mnyama ambaye nyama yake imeliwa na kijiji, mafuta yake yako jikoni, ngozi imekuwa viatu, utumbo umekuwa koti, na jino limekuwa sura ya mtoto wa kuigiza. Ukiwaweka hawa wawili kwenye kapu moja, hujawa mkali kuliko wengine. Umeshindwa kuhesabu tu.

Lakini kapu hilo moja limeshasukwa, na nyuzi zake zinafika hadi kwetu. Vita dhidi ya biashara ya pembe za ndovu, vita ambavyo Kenya iliviongoza kwa haki, vilizaa sheria nyingi katika majimbo ya Marekani. Chukua ya California, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2016, miezi miwili baada ya moto wetu. Katika sheria hiyo, "pembe" si za ndovu pekee. Zimo pia za kiboko, ngiri, nyangumi, hata mamothi aliyekwisha kutoweka duniani. Na walarasi yumo.

Kisha angalia walioachiwa mlango. Ala ya muziki, na piano imetajwa kwa jina, inapita ikiwa pembe ni chini ya asilimia 20 yake na ina karatasi za kuonyesha ilitengenezwa kabla ya kwisha kwa 1975. Kitu cha kale cha miaka 100 au zaidi kinapita kikiwa na pembe chini ya asilimia 5. Fundi wa Alaska hatajwi. Anaachiwa kifungu cha jumla kwamba yaliyoruhusiwa na sheria ya taifa yanapita, na ni juu ya mwenye duka au mtalii kukitafuta, kukisoma, na kuamini kwamba polisi naye amekisoma.

Ngoja kidogo kwenye hiyo piano. Unajua pembe zake zilitoka wapi? Karne ya 19, misafara ilibeba pembe kutoka bara la Afrika Mashariki hadi pwani, mabegani mwa wapagazi, wengine wakiwa watumwa. Kutoka Zanzibar zikapakiwa kwenye meli hadi jimbo la Connecticut, kwenye viwanda vya Deep River na Ivoryton, mji ambao hata jina lake ni pembe. Huko zikakatwa kuwa vibao vyembamba vya piano za sebuleni. Ndovu wetu, na watu wetu, wako chini ya vidole vya mtu anayecheza nyimbo za Krismasi. Piano hiyo ina mstari wake wenyewe ndani ya sheria. Mwanasesere wa Chevak hana. Hebu niambie, hapo nani amelindwa?

Watu wa Alaska walilalamika, maseneta wao wakalalamika, kwamba watalii wameanza kuogopa kununua chochote cha jino, hata kilicho halali kabisa. Si ajabu. Mnunuzi hasomi vifungu. Anasoma bango, na bango linasema pembe ni mauaji.

Tumeshaona mchezo huu kwa sili. Jumuiya ya Ulaya ilizuia ngozi za vitoto vya sili mwaka 1983, na mwaka 2009 Umoja wa Ulaya ukafunga soko la bidhaa za sili kwa jumla. Mara zote mbili wenyeji wa kaskazini waliachiwa nafasi kwenye karatasi. Kwenye soko, bei ilianguka kwa Wainuiti wa Kanada na Greenland pamoja na kila mtu mwingine, kwa sababu mteja aliyefundishwa kuchukia ngozi ya sili hakuulizi imeshonwa na nani.

Najua majibu yatakayokuja, kwa hivyo niyajibu.

La kwanza: "Kuua ni kuua." Kama wewe huli nyama, huvai kiatu cha ngozi, hunywi maziwa, nakuheshimu, na mjadala wetu utakuwa mrefu na wa adabu. Lakini kama ulitoka kwenye nyama choma Kenyatta Market Jumapili, ukarudi nyumbani na mshipi wa ng'ombe kiunoni, kisha ukachukua simu kumwita mama wa Alaska muuaji, manze, nawa mikono kwanza, bado ina mafuta. Mbuzi wako alikufa bila mtu kumwambia asante. Wayup'ik walikuwa na sherehe nzima ya kumshukuru sili, Nakaciuq. Kibofu cha kila sili aliyeuawa kilihifadhiwa, maana ndimo uhai wake ulimokaa. Majira ya baridi vibofu vilipulizwa, vikatundikwa ndani ya nyumba ya wanaume, vikakaribishwa kama wageni kwa siku kadhaa za ngoma na chakula, kisha vikarudishwa baharini kupitia tundu kwenye barafu ili sili wazaliwe tena. Sili aliyeletwa nyumbani alipewa maji matamu mdomoni, kwa kuwa mnyama wa maji ya chumvi lazima afike na kiu. Unaweza usiamini hata moja ya hayo. Lakini huwezi kusema ni watu wasiojali mnyama.

La pili: "Si watumie bandia?" Bandia ni nini? Ni plastiki. Manyoya bandia ni mafuta ya petroli yaliyosokotwa. Sisi ndio nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, tukajisifu dunia nzima, sasa leo tumshauri mtu wa Bahari ya Bering aache kitu kinachooza na kurudi ardhini, achukue kitu ambacho vipande vyake vimekutwa hadi ndani ya barafu ya Aktiki? Na kitaenda huko kwa ndege au meli, kitauzwa kwa bei ya huko, ambayo ni ya kuumiza. Msichana atajifunza kushona nini kwa manyoya ya kiwandani? Utumbo wa bandia haupo.

La tatu ndilo zito, na silipuuzi: "Wajanja watajificha nyuma ya mila. Watauza pembe za ndovu wakisema ni za walarasi." Ni kweli wajanja wapo. Lakini meno haya mawili hayafanani kwa mtu anayejua. Ukikata pembe ya ndovu kwa upana utaona mistari inayokatana kama wavu. Jino la walarasi lina kiini cha madoadoa, kama uji uliogandana. Kwenye kipande kidogo kazi ni ngumu zaidi, sawa, na ndiyo maana Alaska ina muhuri wa Silver Hand unaowekwa kwenye kazi za wasanii wake wenyeji, na taifa lina sheria ya 1990 inayofanya kuwa kosa kuuza kitu cha kuigiza kwa jina la kazi ya wenyeji. Njia ya kumkamata mwizi ni kujua mali halali inafananaje. Ukipiga marufuku yote, jangili anabaki na njia zake za gizani, na anayeumia ni yule aliyekuwa akiuza mchana.

Na la nne: "Walarasi wenyewe wanaisha." Mwaka 2017 idara ya wanyamapori ya Marekani iliamua kwamba walarasi wa Pasifiki hahitaji kuingizwa katika orodha ya wanyama walio hatarini. Uamuzi huo ulipingwa na wengi, na wana hoja, kwa sababu barafu ambayo mnyama huyo hupumzikia na kuzalia inayeyuka. Lakini sasa soma sentensi hiyo tena. Barafu inayeyuka. Sindano haiyeyushi barafu. Watu wanaoshona wanasesere hawa ndio wa kwanza kulipa deni hilo. Kijiji cha Newtok kilibomolewa na mto na ardhi iliyogandishwa kuyeyuka, watu wakaanza kuhamia Mertarvik mwaka 2019. Oktoba 2025 mabaki ya kimbunga Halong yaliharibu vibaya Kipnuk na Kwigillingok, na mamia ya watu wakapelekwa kwa ndege hadi Anchorage, mbali na bahari inayowalisha. Kwenye mto Yukon samoni aina ya chinook wamepungua kiasi kwamba mwaka 2024 Alaska na Kanada zilikubaliana kusimamisha uvuvi wake kwa miaka saba. Nyavu za familia zimekunjwa, huku meli kubwa za Bahari ya Bering zikiendelea kuvua samaki wengine na kunasa samoni pembeni. Mtu anayemlilia walarasi na hasemi neno kuhusu mafuta na meli hizo amechagua adui mwepesi kumpiga.

Kuna unafiki mwingine, na huu ndio unaoniudhi kuliko yote. Dunia inampenda sana mwanasesere huyu akishakufa. Kati ya 1877 na 1881, Edward William Nelson alizunguka vijiji vya huko akikusanyia Smithsonian, akarudi na vitu karibu 10,000. Wenyeji walimpa jina: mtu anayenunua vitu visivyo na maana. Johan Adrian Jacobsen akapita 1882 na 1883 akikusanyia Berlin. Mwaka 1900 mafua na surua yakaja pamoja na kufagia vijiji, wazee wakafa na ujuzi wao, na wamisionari, waliokuwa wamefungua kituo Bethel tangu 1885, walikuwa tayari wanazipiga vita ngoma na vinyago. Katika haya yote, wanasesere wa Nelson walikuwa wamelala salama kwenye droo Washington. Leo wanaitwa urithi wa binadamu. Mtalii anawapiga picha na kusema, aki, jinsi walivyo wazuri. Kisha anatoka nje, anakutana na mjukuu wa fundi akiuza mwanasesere wa ngozi ileile na jino lilelile, na anamwambia huo ni ukatili kwa wanyama. Wa miaka 140 ni sanaa, wa wiki jana ni kosa. Fundi amwambie nini? Afe kwanza ndipo kazi yake isamehewe?

Wayup'ik wenyewe hawakukaa kusubiri jibu. Mwaka 1997 wazee wao walisafiri hadi Berlin, wakafungua makabati, wakavishika vitu vya Jacobsen na kuviita kwa majina yake. Kijiji cha Quinhagak kilipoona mawimbi yanakula makazi ya kale ya Nunalleq, kilishirikiana na wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Aberdeen kuanzia 2009, wakachimba makumi ya maelfu ya vitu, wakiwemo wanasesere wa mbao wa zaidi ya miaka 300. Vitu hivyo havikupelekwa kukaa Ulaya. Tangu 2018 vina nyumba yao palepale Quinhagak, ambapo mtoto anaweza kumtazama mwanasesere wa bibi wa bibi yake na kwenda nyumbani kujaribu kumtengeneza mwenzake.

Kujaribu huko ndiko ninakokutetea. Kunahitaji ngozi, jino, kano na utumbo. Kunahitaji pia mnunuzi, kwa sababu petroli ya boti ya kuwindia inalipiwa kwa dola, na dola katika kijiji kisicho na ajira nyingi zinatoka, kati ya mambo mengine, kwenye meza za ufundi za tamasha la Camai pale Bethel na maduka ya Anchorage. Ukiiua soko hiyo kwa sifa ya huruma, ndovu wa Amboseli hatapata hata siku moja ya ziada.

Siwaambii mkanunue. Kusafirisha vitu hivi nje ya Marekani kuna vibali vyake na si mchezo. Ninachotaka ni kidogo zaidi, na kiko ndani ya uwezo wa mtu yeyote mwenye bando. Kenya inasikilizwa kwenye suala la pembe. Mkutano wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori ukikaa, sauti yetu ina uzito, na kampeni za vijana wetu zinasomwa mbali kuliko tunavyodhani. Basi tuandike kwa usahihi. Bango likiwa la ndovu, liandikwe "pembe za ndovu", neno zima, hata kama herufi zitabanana. Ripoti ya kikundi chako ikidai marufuku, iweke mstari mmoja wa kuwataja wenyeji wa Aktiki kama piano ilivyowekewa wake. Na mtu akirusha picha ya mwanasesere wa manyoya kwenye grupu, mmoja wetu aandike kabla ya yule wa "full stop": Huyu ni irniaruaq, wa Wayup'ik, jino ni la walarasi, na aliyemshona anaruhusiwa.